Land Cruiser 200 kwa safari za Dar na Njombe: nichukue ya dizeli au ya petroli?

Mwana wa Lupembe

Wakuu, salaam. Ninaomba ushauri wa watu waliowahi kuyamiliki au kuyatengeneza magari haya, kwa sababu wauzaji nimekwisha kuwasikiliza vya kutosha na kila mmoja anasifia lile lililoegeshwa kwenye yadi yake.

Ninaishi Mbezi Beach, Dar es Salaam, na ofisi yangu iko Posta. Nyumbani kwetu ni Lupembe, mkoani Njombe, ambako nina shamba la chai na parachichi, na huenda huko karibu kila mwezi, mara nyingi pamoja na familia. Kwa mwaka ninatembea kiasi cha kilomita 25,000, na zaidi ya nusu yake ni za barabara kuu ya Morogoro, Iringa na Makambako. Lami ikiisha kinachobaki ni udongo mwekundu, ambao mvua za masika zikishaulowesha, gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne halina pa kwenda. Mama yangu mzazi amevuka miaka sabini na mgongo wake hauvumilii kiti cha pikapu, kwa hiyo ninatafuta gari litakalopita matopeni na bado limbebe kwa heshima.

Nimeamua kuchukua Land Cruiser ya mfululizo wa 200, yaani lile shangingi ambalo kila mtu analiita V8. Nimepata mawili. La kwanza ni la petroli, injini ya lita 4.6 aina ya 1UR-FE. Liko Japani, limetembea kilomita 90,000 na ndani halina hata mkwaruzo. La pili ni la dizeli, injini ya lita 4.5 yenye turbo mbili, aina ya 1VD-FTV. Liko hapahapa nchini, lilikuwa la mradi wa wafadhili kabla ya kuuzwa kwa zabuni na kupewa namba za kawaida, na limetembea kilomita 210,000. Gharama ya kulifikisha la kwanza mkononi, pamoja na ushuru wote, inazidi bei ya la pili kwa kiasi ambacho si cha kupuuza, ingawa hakitanizuia nikiona kuna sababu.

Jirani yangu shambani anasema gari la petroli la ukubwa huo ni la mtu asiyelipia mafuta mwenyewe. Rafiki yangu mwingine anasema dizeli za kisasa ni za watu wenye fundi wao nyumbani. Ninakusudia kukaa na gari hili miaka sita au saba. Je, ni injini ipi itakayonipa utulivu kwa matumizi ya namna hii? Mke wangu, kwa upande wake, anasema kama ni kutoa fedha kiasi hicho basi tununue Range Rover. Nalo mnaweza kuligusia.

Fundi Nozeli

Mkuu, kazi yangu ni pampu na nozeli za dizeli, yaani vinyunyizio vya mafuta, hapa Iringa, kwa hiyo ungetegemea nikusukume kwenye dizeli, na huenda mwishoni nikafanya hivyo. Lakini kwanza nikueleze kinachoziua.

Sifa zake zinajulikana. Injini ya 1VD inatoa nguvu ya mzunguko ya nyutoni-mita 650 kuanzia mizunguko 1,600 kwa dakika, wakati 1UR ya Japani inatoa 460, tena mpaka uikanyage ifike mizunguko 3,400. Tofauti hiyo utaiona kwenye mlima Kitonga, ukiwa nyuma ya lori linalopanda kwa mwendo wa mguu, gari limejaa watu saba na mizigo yao. Ya dizeli itapanda polepole katika gia hiyohiyo bila kulalamika. Ya petroli itashusha gia, itapandisha mlio, na abiria wa nyuma wataacha mazungumzo yao. Hata kwenye tope, ukiwa umeingiza gia nzito, nguvu inayopatikana kwenye mizunguko midogo inakuwezesha kukanyaga kwa ncha ya kidole cha mguu, na tairi halipati ile papara ya kuzunguka bure na kuchimba shimo.

Kwa upande wa mafuta, kwa njia yako ya mchanganyiko, dizeli itakula kama lita 12 kwa kilomita 100 na petroli kama lita 16. Kwa kilomita zako 25,000 hiyo ni lita 3,000 dhidi ya 4,000. Tukichukua shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, maana bei elekezi za EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hubadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na mara nyingine dizeli hupanda juu ya petroli, unaokoa kiasi cha shilingi milioni tatu kwa mwaka. Ni fedha, lakini ukiwa na gari la thamani hii si fedha ya kukuamulia. Nozeli za injini hiyo ni nane, na seti nzima ikiwa mpya inaweza kumeza akiba ya miaka kadhaa kwa siku moja.

Sasa tufike kwenye hatari yenyewe. Dizeli ndani ya injini hizi haifanyi kazi ya kuungua peke yake, bali pia ndiyo inayolainisha pampu ya shinikizo. Pampu hiyo inasukuma mafuta kwenye reli, bomba linalozigawia nozeli mafuta, kwa shinikizo linalozidi la hewa ya kawaida zaidi ya mara elfu moja, na nafasi kati ya vyuma vyake ni ndogo kiasi kwamba unywele haupenyi. Mafuta yakiwa na maji, au yamechanganywa na mafuta ya taa ambayo hayana utelezi wa kutosha, vyuma vinaanza kulana. Gari likiletwa kwangu linakohoa asubuhi, kitu cha kwanza ninachofanya ni kulitoa chujio la dizeli na kumimina yaliyomo kwenye bakuli jeupe. Nikiona chini kumetulia tone la maji, ninashukuru na kumwambia mwenye gari tutabadilisha chujio. Nikiona chembe zinazometameta ninapoliinamisha bakuli kwenye jua, ninamwita mwenyewe aje aone kwa macho yake, kwa sababu hizo ni vumbi la chuma kutoka kwenye pampu, nazo zimekwisha kusambaa mpaka kwenye reli na nozeli zote. Hapo hakuna kubadilisha kifaa kimoja.

Uchakachuaji umepungua tangu EWURA walipoanza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya kutambulisha mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010 na tangu kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa kwenye bajeti ya 2011/12, lakini kupungua si kuisha, na dumu la dizeli lililokaa stoo ya shamba msimu mzima halina kinasaba kinachoweza kulitoa maji. Ukichukua dizeli, jaza kwenye kituo chenye mauzo makubwa kabla ya kuingia shamba, badilisha chujio kila kilomita 10,000 bila kusubiri taa iwake, na usikubali kujaziwa kwa dumu ila kwa dharura.

La mwisho, uliza kama gari lina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, lile linaloitwa DPF. Lile la mradi uliloliona, kama lililetwa mahsusi kwa soko letu, halina, na hiyo ni faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Zilizotoka Australia kuanzia toleo la mwishoni mwa 2015, pamoja na za Uingereza za miaka ya mwisho, zinalo. Chujio hilo hukusanya masizi na kuyachoma lenyewe kwa joto la kama nyuzi 600, jambo ambalo linahitaji gari litembee kwa mwendo mzuri kwa muda bila kuzimwa. Mtu anayetoka Mbezi kwenda Posta kwa foleni, akazima, akarudi kwa foleni, analikatiza kila linapoanza kazi. Dizeli ya ziada iliyonyunyizwa kwa ajili ya kuchoma inateremka kwenye oili, na oili inaongezeka kimo badala ya kupungua. Hili halikutokea kwetu tu: mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua dhidi ya Toyota ya huko katika kesi ya pamoja ya wamiliki wa Hilux, Prado na Fortuner za dizeli zilizouzwa kuanzia 2015, na chanzo kilikuwa mfumo huohuo wa kuchuja masizi.

Kwa hiyo unijibu swali langu kwanza: siku za wiki, gari hili litalala nyumbani au litakwenda Posta?

Msafiri wa Bonde la Ufa

Ndugu Mwana wa Lupembe, ninaandika kutoka Nairobi. Fundi amesema mengi ya kweli. Mimi niongeze mambo mawili ambayo hakuyagusa.

La kwanza ni mwinuko. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi na silinda inajaa oksijeni pungufu. Sisi hapa tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Njombe uko juu zaidi ya hapo. Ile 1UR inayotajwa kuwa na nguvu za farasi 318 kwenye karatasi, ukiwa Njombe mjini itakuwa na kama 255. Bado ni nyingi, sikatai, lakini ile ya turbo husukuma hewa kwa nguvu na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, kwa hiyo tofauti uliyoambiwa ya 650 kwa 460 huwa pana zaidi huko juu kuliko ilivyo Dar es Salaam. Muuzaji atakujaribishia gari Dar, usawa wa bahari, na kila kitu kitaonekana sawa.

La pili ni ushuru, na hapa ninyi mna bahati. Kwetu sheria huzitenga injini kwa aina ya mafuta: ushuru wa bidhaa wa asilimia 35 huanza kwa petroli inayozidi sentimita za ujazo 3,000, lakini kwa dizeli huanza mapema, inapozidi 2,500. Matokeo yake Prado ya petroli ya lita 2.7 hutozwa asilimia 25 huku ya dizeli ya lita 2.8, gari lilelile kwa umbo na viti, ikitozwa 35. Wakenya wengi wamenunua petroli si kwa kuipenda, bali kwa sababu ya jedwali hilo. Mimi ni mmoja wao, na kila nikipanda kutoka Mai Mahiu nikiwa na familia ninaikumbuka ile dizeli niliyoiacha bandarini kwa ajili ya karatasi. Kwenu, nijuavyo, injini yoyote inayozidi sentimita za ujazo 2,000 hulipa asilimia 10 bila kuuliza inakunywa nini, kwa hiyo ushuru wa injini haukuelekezi upande wowote. Kinachoweza kukuumiza ni umri: gari la Japani likishavuka miaka minane hubeba ushuru wa ziada wa uchakavu, na likivuka kumi unapanda maradufu. Hesabu mwaka wa kutengenezwa kabla ya kutuma fedha.

Kuhusu Range Rover, shemeji yetu ana jicho zuri, na kwa starehe ya viti na utulivu wa barabarani sioni gari la kulishinda. Lakini mtu anayelipeleka Lupembe mwezi wa nne aulize kwanza ni nani wa karibu mwenye mashine ya kusoma hitilafu zake na springi za hewa za akiba. Swali la dizeli au petroli kwa gari hilo linakuja baada ya hapo.

Bint Matrah

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi niko Muscat, wazee wetu ni wa Unguja, na nimesoma mjadala huu nikaona upande wa petroli hauna wakili.

Huku kwetu Land Cruiser ni gari la kila nyumba yenye uwezo, na karibu zote ni za petroli. Sababu mojawapo ni bei: serikali ilipofunga bei za mafuta mwishoni mwa 2021, dizeli iliwekwa baisa 258 kwa lita na petroli ya daraja la juu 239, kwa hiyo hakuna aliyeokoa kwa dizeli. Sababu nyingine ni mchanga. Mtu akienda Sharqiyah kwenye matuta hupunguza upepo wa matairi mpaka 15 au 18 psi, kisha anachohitaji ni injini inayopandisha mizunguko upesi ili gari lisipoteze kasi katikati ya tuta. Injini ya petroli hufanya hivyo vizuri, na pua ya gari ni nyepesi. Najua mchanga si tope, na Njombe hakuna matuta ya jangwa, kwa hiyo hoja hii siitilii mkazo.

Ninayoitilia mkazo ni ya starehe na ya spea. Ndugu yetu amesema anataka gari la kumbeba mama yake kwa heshima. Ya dizeli ni tulivu kwa kiwango cha dizeli, lakini asubuhi ya baridi inapowashwa nje ya dirisha la chumba cha mgonjwa au mtoto, kila mtu anajua imewashwa. 1UR ikiwa imesimama kwenye taa za barabarani, mama yangu huuliza kama imezimika. Haina turbo, haina nozeli za shinikizo la kutisha, inatumia mnyororo badala ya mkanda wa taimingi, na kinachochakaa ni plagi, koili na pampu ya maji. Vyote hivyo vimejaa madukani Dubai na Sharjah, vipya na vilivyotumika, kwa sababu magari yenyewe yamejaa. Fundi wa kawaida anaifungua na kuifunga bila kompyuta ya pekee. Gari lenyewe msilichukue huku, maana usukani ni wa kushoto, lakini vipuri vya injini ni vilevile.

Tena mmesema petroli inakula lita 1,000 zaidi kwa mwaka. Sawa. Lakini mnalinganisha gari la kilomita 90,000 lililotunzwa Japani na gari la kilomita 210,000 lililoendeshwa na madereva wa mradi, ambao hakuna hata mmoja aliyelipia matairi yake. Hapo mnapima magari mawili ya umri tofauti, siyo mafuta mawili.

Kijana wa Sinza

Naomba nichomekee jambo moja fupi. Petroli ina mlango ambao dizeli haina: unaweza kufunga mfumo wa gesi asilia. Hapa Dar es Salaam magari mengi yamebadilishwa, na kilo moja ya gesi ina nishati inayokaribia ya lita moja na nusu ya petroli kwa bei ya chini sana. Kwa V8 inayokwenda Posta kila siku, hesabu inabadilika kabisa. Ubaya wake ni kwamba mitungi itakula nafasi ya buti pale ambapo mngeweka magunia ya parachichi, itaongeza uzito nyuma, na foleni ya kujaza ni ndefu. Vituo karibu vyote viko huku Dar, kwa hiyo ukishavuka Morogoro utarudi kwenye petroli.

Mwana wa Lupembe

Ninawashukuru nyote, mmenifungua macho. Fundi, jibu la swali lako ni kwamba siku za wiki gari hili litalala. Nina gari dogo, Toyota IST, ambayo ndiyo inayonipeleka kazini na inayohangaika na foleni za Mwenge, na sina nia ya kuiuza. Shangingi litatoka siku za safari na pengine Jumapili kwenda kanisani. Kwa maana hiyo hoja ya gesi, ingawa ni nzuri, hainihusu sana.

Dada wa Muscat, hoja yako ya kwamba ninalinganisha umri na siyo mafuta imenikalia. Hata hivyo, kuna jambo la shambani ambalo hakuna aliyelitaja. Vijijini kwetu petroli huuzwa kwenye chupa kwa ajili ya bodaboda, lita moja hapa na mbili pale, nayo ukiipata huijui ilipotoka. Dizeli ipo kwenye mapipa ya mashine za kusaga na matrekta, lakini baada ya maelezo ya bakuli jeupe sidhani kama nitaigusa. Inaelekea nitegemee tangi nililojaza mjini, na hapo ndipo ninapoona dizeli inanivutia.

Fundi Nozeli

Umeliona vizuri. Land Cruiser 200 ina matangi mawili, la lita 93 na la ziada la lita 45, jumla 138. Kwa dizeli ukijaza Dar unaweza kutembea zaidi ya kilomita 1,000, kwa hiyo unafika Lupembe, unazunguka shamba, na bado una akiba ya kuanzia safari ya kurudi. Utajaza Makambako au Iringa kwa nafasi yako, kwenye kituo unachokiamini. Kwa petroli, yenye matangi hayohayo, unafika na kubaki na kidogo. Na kama siku moja utalazimika kubeba dumu ndani ya gari lenye familia, mvuke wa dizeli hauwaki kirahisi kwenye joto la kawaida, wakati wa petroli unawaka hata kwenye baridi ya Njombe ya mwezi wa saba. Hilo peke yake lingenitosha mimi.

Kwa kuwa gari halitakwenda Posta, na kwa kuwa safari zako ni ndefu, injini inapata joto lake na inakaa nalo kwa saa nyingi, jambo ambalo dizeli inalipenda. Hapo mimi ninasema dizeli. Lakini dada wa Muscat amesema kweli kuhusu madereva wa mradi, wala sikushauri ununue hilo la kilomita 210,000 kwa kuwa tu ni la dizeli. Likishindwa kupita ukaguzi, chukua la petroli la Japani bila kinyongo. Ni injini nzuri na italipa.

Mwana wa Lupembe

Niambie basi la kukagua, fundi, kwa mpangilio ambao hata mimi nisiye fundi nitauelewa. Muuzaji amekubali nije na mtu wangu Jumamosi.

Fundi Nozeli

Nenda alfajiri na umwambie asiliwashe kabla hujafika. Weka mkono juu ya boneti. Likiwa la moto, amekwisha kukuficha kitu. Liwashe mwenyewe. Injini baridi ya 1VD iliyo nzima inashika mara moja na kutulia ndani ya sekunde chache. Ikitikisika na kutoa moshi mweupe unaochoma macho, kuna nozeli zinazovuja. Mtu wako aje na mashine ya kusoma, asome marekebisho ya kila nozeli injini ikiwa imetulia, zote nane, na akuonyeshe namba. Moja ikiwa mbali na wenzake, hesabu bei ya nozeli zote na uiondoe kwenye bei ya gari.

Ikishapata joto, fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma. Pumzi kidogo ni kawaida. Ikipuliza kwa mapigo na kurusha oili, pete za pistoni zimechoka, na ovahoo ya V8 hiyo sitaki hata kukutajia bei yake. Angalia kijiti cha oili pia: injini hii inachukua zaidi ya lita tisa, na baadhi ya zile za miaka ya mwanzo zilijulikana kwa kunywa oili, kwa hiyo uliza rekodi za huduma na uone kama kuna mtu aliyekuwa akiongeza katikati.

Baada ya hapo lipeleke mlimani. Kwa Dar tafuta mwinuko wowote mrefu, likiwa na watu wanne ndani, ukanyage mpaka mwisho kwa nusu dakika huku mtu akitazama nyuma. Moshi mweusi mzito, au nguvu inayokuja na kukatika, ni turbo au hewa inayovuja kwenye mabomba yake. Chini ya gari tazama stelingi na springi kwa kawaida tu. Hizo ni gharama za kuzoeleka.

Jambo la mwisho ndilo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi. Fungua boksi la chujio la hewa, utoe chujio, kisha pitisha kidole kilichofungwa kitambaa cheupe kwenye bomba linaloelekea kwenye turbo, upande ule ambao hewa imekwisha kuchujwa. Magari ya miradi hutembea kwenye vumbi mwaka mzima, na chujio lililokaa vibaya wiki moja tu linatosha kusaga turbo na silinda. Kitambaa kikirudi cheupe au na mafuta kidogo, endelea na mazungumzo ya bei. Kikirudi na vumbi jekundu, rudisha chujio mahali pake, mshukuru muuzaji na mwite wakala wa Japani, hata kama huyo muuzaji atakuahidi kupunguza milioni kumi.